Kina Kashindye Niliowazalisha Tabora

Tabora, Jumapili, baada ya misa

Mama yangu, shikamoo. Nawe kaka Petro unayemsomea, shikamoo, na tafadhali soma yote. Nakujua wewe, likija neno chungu unajikohoza na kuruka mstari. Leo usiruke.

Mama, macho yanaendeleaje? Dereva wa lori aliyeniletea karanga aliniambia sasa unazalisha kwa kupapasa tu, kitovu hukioni. Iliniuma sana. Karanga nimezipata, ahsante, nimezila zote peke yangu kama mchoyo. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio mbovu.

Ile kazi ya Ziba sikuipata. Nakuambia mapema ili uache kufagia kile chumba kila siku ukinisubiri. Najua nilikuahidi kwamba nitakuwa mkunga mkuu wa kliniki mpya, mshahara utapanda, na kila Jumamosi nitakuja Lusu kwa baiskeli niwe macho yako. Basi, hakuna tena. Amepewa binti niliyemfundisha mwenyewe kufunga kitovu, ambaye mwaka jana alizimia mbele yangu alipoona damu.

Na unajua kilichoniponza? Mkono wangu mwenyewe.

Wodini tuna kitabu kikubwa. Mtoto akizaliwa tunaandika jina la mama yake, alivyozaliwa, na nani aliyemzalisha. Nilipoanza kazi, Bibi Sista, yule muuguzi mkuu Mzungu anayetusimamia, aliniambia, "Tereza, uzazi ukiwa wa shida andika jina langu, maana dhamana ni yangu." Mimi nikaona ndiyo adabu, mkubwa hutangulizwa. Nikawa naandika. Mtoto ametanguliza miguu, Bibi Sista yuko kilabuni kwao anacheza tenisi, mimi nimepiga magoti, jasho linaniingia machoni, nageuza bega la mtoto vile ulivyonionyesha. Akishalia, nanawa mikono, naandika jina la Bibi Sista. Miaka tisa, mama! Tena kwa mwandiko ule mzuri uliokuwa ukisifiwa shuleni.

Siku ya kuulizwa maswali alikuja daktari mgeni. Akakifungua kitabu, akapekua, akapekua.

"Huko Ziba utakuwa peke yako," akasema. "Lakini naona umezalisha wa kawaida tu. Hakuna hata mmoja aliyetanguliza miguu."

"Bwana, hao wote ni mimi."

"Huu mwandiko ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi wewe mwenyewe ndiye uliyeandika kwamba ni Sista."

Nikamtazama Bibi Sista. Alikuwa pale pale, ameketi, anazungusha pete kidoleni. Daktari akamuuliza. Akasema, "Tereza amenisaidia vizuri sana."

Amenisaidia! Mama, nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikatoka nje nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikamkumbuka babu. Alibeba pembe za ndovu begani kutoka Ujiji hadi pwani, na mwenye mali akaitwa msafiri mkubwa. Mimi nilidhani kwa kwenda shule nimeutua mzigo ule.

Usidhani napenda makuu. Dresa wa vidonda, mwanamume niliyeanza naye kazi mwezi mmoja, amepandishwa cheo mara mbili na analipwa kunizidi. Kidonda kinangoja kesho. Mtoto hangoji. Nilipouliza, karani akanijibu ati kazi ya kuzalisha wanawake wanazaliwa nayo. Nikamwambia na wewe ulizaliwa na kalamu? Akanuna wiki nzima. Na kuku wa shukrani hatupokei, ni marufuku. Wewe huko Lusu angalau unapata kuku, na jina lako linatajwa kwenye vigelegele.

Jumanne nilikuwa sokoni nanunua dagaa. Nikasikia mwanamke anaita, "Kashindye! We Kashindye, njoo umwamkie aliyekuvuta miguu!" Akaja mtoto wa kike, meno ya mbele hana, "Shikamoo." Kabla sijaitikia vizuri, muuza vitunguu akasema wa kwake pia ni Kashindye, na ni mimi niliyemzalisha. Akadakia wa tatu. Unajua kwetu mtoto akitanguliza miguu hatafutiwi jina jingine. Mama, mji huu umejaa kina Kashindye, na wote wamepita mikononi mwangu! Nililia pale mbele ya dagaa kama mwendawazimu. Daktari angekuja sokoni asingehitaji kitabu.

Basi Alhamisi akaletwa mwanamke kutoka Ntalikwa, mtoto miguu mbele. Alitoka mzima, wa kiume, ana hasira kama kaka Petro. Nikanawa mikono. Nikafungua kitabu. Pale pa aliyezalisha nikaandika jina langu lote, kwa wino.

Bibi Sista alipoliona akaniita.

"Tereza, hili limekosewa. Lifute, uandike vizuri."

"Halikukosewa, Bibi."

"Nimekwambia lifute."

"Kalamu hiyo hapo, Bibi. Futa wewe."

Akaichukua. Akapiga mstari, na juu yake akaandika lake. Kuanzia kesho nimeondolewa wodini, nitakunja bandeji stoo, na maombi ya cheo nisilete tena mpaka niambiwe. Nimemchukia, mama. Nimeungama leo asubuhi, na bado namchukia.

Lakini ni mstari mmoja tu. Jina langu chini yake linasomeka.

Nisalimie shangazi mfinyanzi, mwambie chungu chake hakijapasuka. Nisalimie wifi, mke wa kaka, na mimba yake. Siku zake zikifika asibaki nyumbani kwa kumwonea mkwe aibu, aje kwako mapema, na wewe kaka umshikie mama taa karibu na mikono yake. Kazi hiyo ilikuwa iwe yangu.

Sasa kaka, umefika mwisho. Hapa chini usisome kwa kunong'ona. Simama, mlango uwe wazi, ulisome jina langu kwa sauti, lote, mama alisikie na majirani walisikie.

Tereza Nyamizi binti Kasanda,
mkunga.