Niliomba Mkono Wake Ukauke

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana mwenzio nimefika mahali naogopa hata kufumba macho mezani, watu wasije wakadhani nataka kuombea chakula.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli na hospitali, na pale kuna mwenzetu tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki, na huyo Redio siku moja alininyooshea kidole mbele ya msimamizi akasema, "Muulizeni huyu, mashuka ya wodini anayalalia stoo!" na kweli nilikuwa nimelala, lakini dakika kumi tu, mume wangu mgongo haumruhusu kugeuka peke yake kitandani, mimi ndiye wa kumgeuza, basi nikaondolewa kwenye meza ya kukunja nikapelekwa kwenye mashine ya kunyoosha, ile yenye mapipa ya moto yanayozunguka, nikarudi nyumbani na hasira zangu nikafungua Biblia nikakuta habari za yule mfalme aliyemnyooshea mkono nabii, mkono ukakauka palepale, nikafunga kitabu nikapiga magoti nikasema, Bwana, na wa Redio vivyo hivyo.

Siku ya tatu, mshauri. Siku ya tatu tu! Nilikuwa zamu ya asubuhi, upau wa kinga, ule wa kuzuia mikono isifike kwenye mapipa, tulikuwa tumeufunga kwa pindo la shuka kuukuu kama kawaida yetu, maana upau ule ni mwoga, shuka ikijikunja kidogo tu unasimamisha mashine na kazi ya siku haiishi, na desturi yetu aliyefunga ndiye anayefungua akimkabidhi mwenzake, nami siku hiyo niliwahi kutoka nimpeleke binti yangu kliniki, sikumbuki kama nilifungua au la, Redio akaingia mahali pangu na blauzi yake ya njano yenye mikono mipana, na kabla sijafika getini nikasikia ukelele, pipa limemchukua mkono wa kulia mpaka kwenye kifundo, uleule wa kidole.

Sasa sikia ninachokiogopa. Miaka sita naombea mgongo wa mume wangu, nimefunga, nimekesha, kimya. Ubaya niliuomba mara moja, ukajibiwa kama vile kuna mtu alikuwa anangoja mlangoni. Ni nani aliyenisikia? Jumapili wakanisimamisha niongoze maombi ya Redio apone, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu, mama mchungaji akanong'ona, "Mwacheni, ameguswa na Roho." Juzi binti yangu kashikwa na homa akaniambia, mama niombee, nikamwambia mwambie baba yako, nikatoka nje nikajifanya naanua nguo, maana itakuwaje nikiomba apone halafu mambo yakageuka? Msimamizi kaandika kwamba Redio aliumia kwa sababu ya soga, na mashine imepewa mama mmoja mgeni, hata kitufe cha kuzimia hakijui, nami nasimama karibu naye zamu nzima natetemeka. Niambie, Mungu hujibu na laana? Nitubu vipi?

Mimi, Niliyefunga Mdomo

*

Dada, pole. Pole ya mkono wa mwenzio, ya mgongo wa mumeo, na ya homa ya mtoto. Hizo pole tatu zishike vizuri, kwa sababu baada ya hapa nitakugombeza.

Kwanza, Biblia yako uliifunga mapema. Rudi kwenye sura ileile. Mfalme yule mkono ulipokauka alimsihi nabii amwombee, nabii akamwombea, mkono ukarudi kama ulivyokuwa. Ni mistari miwili tu mbele! Wewe ulipopata unachokitaka ukazima taa. Na wale wanafunzi walioomba ruhusa ya kuteremsha moto juu ya kijiji kilichowanyima malazi, hawakupewa hata cheche, walipewa karipio. Mungu si mfanyakazi wa hasira zako.

Kuhusu mgongo wa mumeo, sikudanganyi: sijui kwa nini haujapona. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, ukabaki, na hakuna aliyemwambia imani yake ni ndogo. Anayekwambia anajua sababu, mpe kiti akae, lakini usimsikilize.

Sasa tuje kwenye barua yako. Mimi shule sikusoma sana, ila barua za watu nimezisoma, na nimegundua jambo zito huwekwa katikati ya sentensi ndefu, kama dawa chungu ndani ya chai ya sukari. Umeandika "tulikuwa tumeufunga", wengi nyie. Mistari miwili baadaye, "sikumbuki kama nilifungua", mmoja. Na desturi yenu umenieleza mwenyewe: aliyefunga ndiye anayefungua. Basi aliyefunga ni wewe. Blauzi umekumbuka ni ya njano, mikono ni mipana, siku ni ya tatu. Fundo la vidole vyako mwenyewe ndilo likakupotea?

Sisemi ulikusudia. Ulikuwa na mtoto wa kliniki, ukakimbia. Lakini naona unaona heri uwe mtu mwenye laana inayosikilizwa mbinguni kuliko mtu aliyesahau kufungua kitambaa. Laana haina wa kuulizwa. Kitambaa kina mwenyewe.

Yoshua alipopigwa vitani alilala kifudifudi kutwa akilia, akaambiwa inuka, kuna kitu kimefichwa kambini. Hakuambiwa aongeze maombi. Nawe unatetemeka karibu na yule mama mgeni, na upau bado umefungwa, maana hujaniandikia popote kwamba mmeacha. Kutetemeka kwako hakumkingi hata kidole kimoja!

Hukuweka jina la kiwanda, ungeweka ningekuja mwenyewe. Kwa hiyo ni wewe. Kata pindo lile kabla mashine haijapata moto, na mwonyeshe mama yule kitufe cha kuzimia, aizime mashine kwa mkono wake mara tatu. Kisha nenda kwa msimamizi, mbele ya wenzako, useme: nilifunga mimi, sote hufunga, na Redio hakuumia kwa soga. Huenda ukafukuzwa, sitakuficha. Jioni nenda wodini umwambie Redio hayohayo. Atakutukana, na ana haki, msikilize mpaka achoke. Akichoka, muulize kama anataka umwombee. Akikubali, mdomo utafunguka. Akikataa, kamwombee binti yako.

Gazeti hili huuzwa kabla ya zamu ya asubuhi kuanza. Kama unanisoma ukiwa bado nyumbani, vaa viatu.