Maziwa Katika Nyumba ya Baba

Kalundu, Uvira
Alhamisi asubuhi

Mdogo wangu Hyacinthe,

Amani ya Bwana iwe kwako na kwa Generose, na kwa mpunga wenu ambao nasikia safari hii ndege hawakuufaidi. Goti lako je? Watoto wa huko kwenu Sange bado wanakuita Muzee Polepole? Mimi naamka, namshukuru Mungu, ila moyo umechoka. Hospitalini wameniambia nipumzike tu, na unajua neno hilo huambiwa mtu ambaye dawa zimemwishia. Ninaandika kidogo, ninalala kidogo. Usishangae mwandiko ukibadilika.

Umeniuliza mara mbili juu ya nyumba ya baba, nami nimekujibu tungoje. Umesema yule tajiri wa Bukavu anaitaka iwe depo, ghala lake la simenti, na kwamba hatutapata bei nzuri kama ya sasa, mtaa ukiwa umefufuka. Kuhusu mtaa umesema kweli. Tangu maji ya ziwa yaliyofurika yarudi nyuma, watu wamekwangua matope na kupaka rangi maduka ya zamani. Tanuru la mkate lililozimika tukiwa vijana linawaka tena. Asubuhi barabara inanuka mkate na ndagala wa ziwani, kama enzi za baba alipokuwa karani wa bandari.

Na katika kufufuka huko, duka langu la maziwa limesifiwa kuliko yote. Wewe mwenyewe siku ya Pasaka ulikunywa maziwa ya mgando mpaka Generose akaona haya, ukasema dada yako mkubwa, Yaya Bernardine, alikificha kipaji hiki nyuma ya ubao wa darasa maisha yake yote. Nilicheka, nikakuongezea kikombe.

Maziwa yale si yangu. Ni ya Mukabera, yule mama uliyemwona akipita na ndoo ukadhani ni mfanyakazi. Alishuka na watoto wake kutoka milima ya juu vita vilipowafikia, akaniomba kibaraza tu cha nyumba ya baba, auze maziwa ya ng'ombe wachache waliobaki kwa kaka yake. Hakuna aliyenunua. Unajua maneno yanayosemwa hapa mjini juu ya watu wa milimani. Watu walimtazama usoni, wakaenda kununua maziwa ya unga. Basi niliandika jina langu mlangoni nikakaa mbele kwenye kiti, yeye akafanya kazi nyuma. Hapo walikuja wote. Nani atakataa maziwa ya mwalimu aliyemfundisha kusoma?

Tungeendelea hivyo, lakini nilitaka kusaidia. Siku moja Mukabera alikwenda kuuguza mtoto, nami nikavikuta vibuyu vyake vyeusi kwa moshi. Nikaona ni uchafu. Nikavisugua kwa sabuni, vikang'aa, nikajisifu. Maziwa yaliyofuata yaliharibika yote. Fundi cherehani Frédéric, jirani yetu mwenye mdomo, alitema barabarani akapaza sauti: "Weye mwalimu, maziwa yako leo iko na harufu ya nguo za kufua! Unatunywesha ao unatufua?" Watu wakacheka.

Ndipo Mukabera akatoka nyuma. Alisema mbele ya wote kwamba kosa si la ng'ombe, ni la kibuyu, na kibuyu ni chake, na maziwa yamekuwa yake tangu siku ya kwanza. Kisha akanigeukia taratibu, akaniambia: "Mama Mwalimu, kibuyu cha maziwa kinafukizwa kwa majani, hakipewi sabuni." Frédéric akauliza kama mwaka mzima amekuwa akinywa maziwa ya huyu mama. Akajibiwa ndiyo. Akafikiri, akasema basi kesho alete yale yasiyofuliwa. Wengine hawajarudi mpaka leo, na sitakudanganya kwamba watarudi. Waliobaki wanatosha.

Sasa lililo gumu. Jumatatu nimempa Mukabera nusu yangu ya nyumba, mbele ya chefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, na majirani. Kwa desturi yetu jambo kama hilo hufungwa kwa pombe, lakini yeye ni Mprotestanti, hagusi. Tukalifunga kwa maziwa. Frédéric alinung'unika kwamba hajawahi kushuhudia mambo ya ardhi bila hata chupa moja, ila kikombe alikimaliza.

Nusu yako ni yako. Ukimuuzia mwenye simenti, sitakuwapo kukuzuia. Ninakuomba usiuze, mwache Mukabera akulipe kodi ya nusu yako, kazi hii isimame.

Utauliza kwa nini sikukuomba kwanza. Hyacinthe, nimekulea tangu mama alipotuacha, nakujua. Ukisikia neno Jumatatu unakasirika, Jumatano hutaki kula, Jumapili unakubali na kudai wazo lilikuwa lako. Ningekuomba, ningelazimika kuingoja Jumapili yako, na sikuwa na hakika ya kuifikia. Kwa hiyo anza kukasirika leo hii, mdogo wangu, upate kuja mapema.

Mkumbatie Generose kwa niaba yangu, na wote wa nyumbani. Mukabera naye anakusalimu, ingawa anakuogopa kidogo.

Akupendaye tangu ukiwa mgongoni mwake,
Yaya wako Bernardine