Goti ni la Salamu

Mama yangu mpendwa,

Juzi basi lilisimama Igawa, nikashuka kunyoosha miguu. Yule mama muuza vitunguu, ambaye ulikuwa ukinunua kwake kila ulipokuja Mbeya kunitembelea, aliniona nimempa mgongo. Akaita, "Mama fundi, na leo tena? Si ulisema mgongo umegoma?" Nikageuka. Alinitazama, kisha akaanza kupanga upya vitunguu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba tulishakuzika. Nilirudi kwenye kiti changu, nikakuta mkono wangu wa kulia umeshika kiuno kwa nyuma, kama ulivyokuwa ukikishika wewe ukitoka kwenye cherehani. Sikumbuki kuuweka hapo.

Ndiyo maana nakuandikia.

Unajua nilivyokuwa. Nilikuwa mrefu kuliko wasichana wote wa darasa letu, nikaona dawa ni kujikunja. Ukinipima gauni pale barazani kwetu Kihesa ulinigonga mabegani na tepu yako: "Nyooka. Napima mtu, sipimi gunia." Nawe ulikuwa na macho, mama. Mteja akishatoka getini ulikuwa unaniambia, huyu jana hakulala, huyu wamegombana na mumewe, huyu hiyo harusi haitaki. Hakukuambia mtu, uliona tu walivyosimama. Hukukosea hata mara moja, na mimi nilikuwa nikiogopa unachokisema moyoni nikikupa mgongo.

Ulinifundisha kupiga goti mbele ya wakubwa kama mabinti wote wa kwetu, lakini uliongeza lako. "Goti ni la salamu," ulisema. "Ukishasalimia, simama." Mimi nikashika nusu ya kwanza.

Ulipozidiwa uliniomba ahadi moja tu, kwamba nyumba isiuzwe mpaka mdogo wangu Neema amalize shule. Nikakuahidi. Siku tulipoanua matanga, baba mdogo akaita kikao sebuleni. Niliingia na birika la chai, nikapiga goti, nikasalimia kamwene, nikawamiminia. Kisha nikabaki palepale, magoti kwenye mkeka, macho kwenye vikombe. Baba mdogo akasema nyumba iuzwe na Neema akaishi kwake Chunya. Maneno nilikuwa nayo, mama, yalifika mpaka kwenye meno. Naye akaninyooshea kidole: "Mkubwa wao mwenyewe huyu hapa, mnaona alivyotulia. Amekubali." Kwetu binti anayebaki amepiga goti wakubwa wanapozungumza huwa ameshakubali, na hakuna aliyeniuliza zaidi. Wakapanga tukutane tena baada ya wiki mbili, mnunuzi akiwepo.

Nilirudi Mbeya najichukia. Nikatoa lile gauni la kitenge cha bluu, la mwisho ulilonishonea. Sikuwahi kutoka nalo, kwa sababu pindo lilipanda nyuma na kushuka mbele, nikadhani macho yako yameanza kuchoka. Nililivaa mbele ya kioo, nikaweka tepu yako shingoni, nikajaribu kusimama kama wewe: bega la kushoto chini kidogo, mkono kiunoni, kidevu juu, macho kwenye paji la uso la mtu kama unayekisia saizi yake. Pindo likakaa sawasawa pande zote. Nililia sana, nikijua umenikatia gauni la siku nitakayosimama. Sasa sina hakika tena ulimpima nani.

Kila asubuhi kabla ya kazi nilisimama hivyo. Wiki ya pili mlinzi wa ofisini kwetu, ambaye miaka yote alikuwa ananifungulia geti akiwa amekaa, aliinuka na kunipa shikamoo. Ni mtu wa umri wa baba mdogo.

Siku ya kikao ukungu ulikuwa bado umeshika Kihesa yote. Nikaingia na gauni la bluu, nikapiga goti, nikasalimia, nikasimama. Mkono ukaenda kiunoni wenyewe. Kabla sijafungua mdomo, kijiko cha baba mdogo kiliacha kukoroga.

"Nyumba haiuzwi mpaka Neema amalize shule," nilisema, kwa sauti yangu ya kawaida.

Mnunuzi akamtazama baba mdogo. Baba mdogo alikuwa anatazama bega langu la kushoto.

"Sawa, shemeji," akasema. "Sawa. Kaa basi."

Shemeji, mama. Hivyo alikuwa anakuita wewe. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyemsahihisha. Mnunuzi aliaga bila kumaliza chai. Neema alikuwa amesimama mlangoni, akaninong'oneza, "Dada, simama vingine. Unanitisha."

Nikajaribu. Bega halikupanda.

Halijapanda hadi leo. Nyumba ipo, Neema anasoma, na mbele za watu siogopi tena, kwa hilo nakushukuru kwa moyo wote. Lakini mtu akiingia ofisini najua kama alilala, na sijui nimejuaje. Nikija nyumbani Kihesa, Neema akinisikia natembea koridoni huita kwanza, "Ni nani?", na hafungui mlango wa chumba chake mpaka nitaje jina langu. Nimejaribu hata kujikunja kama zamani nikashindwa, nimesahau nilikuwa nafanyaje. Nilitaka ujasiri wako, mama, sikutaka nafasi yako. Nakupenda, na nakuogopa kidogo, na sikutegemea hayo mawili yangekaa pamoja.

Leo asubuhi nimekuja kaburini kwako na tepu yako. Nyasi zimelowa umande na magoti yangu yamelowa pia. Nimesema kamwene. Nimeizungusha tepu kwenye msalaba wako, naandika haya nikiwa bado chini, karatasi juu ya paja, kwa kuwa naogopa kuinuka na kuona ni nani atakayeinuka.

Ahadi niliyokupa nimeilinda. Niachie bega langu, mama. Nimeshasalimia. Sasa nasimama.

Binti yako mkubwa,
yule mrefu