Mguu wa Kushoto wa Jeneza

Firq, Nizwa
9 Desemba 2007

Kwa Baba yangu mpenzi, Mzee Abdullatif,

Shikamoo Baba. Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti la kulia limepunguza maumivu, na Mama ameanza kula vizuri baada ya homa yake. Sisi hatujambo, alhamdulillah. Hamda anakusalimu sana, na watoto wote watatu wanakubusu mkono. Karakana inakwenda. Sasa nina wachomeaji vyuma tisa, na wiki iliyopita tumemaliza mageti kumi na manne.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ninayo mfukoni. Naiogopa simu, Baba. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningefurahi kukatizwa.

Pamoja na barua hii kuna sahani ya santuri. Usiitafutie mashine, kelele zake hutaziweza. Ni zile nyimbo za roki nzito za mdogo wangu Sleyum, za mwaka 1994, alipokuwa akijipaka unga na wanja usoni na kuimba kama mtu anayeungua. Zilitoka kwenye kaseti, mia mbili tu, na Bassam, mpiga ngoma wake, akaziuza dukani kwao Sur. Sasa kampuni moja ya Ujerumani imezitoa upya kwenye santuri, mia tano, kila moja na nambari yake. Yako ni ya 212.

Nilipoisoma karatasi iliyomo ndani nilipandwa na hasira. Jina langu halimo. Mimi niliyewafungia taa, niliyewabebea spika kutoka Sur mpaka huku Nizwa kwa pikapu, karibu kilomita mia tatu kwenda tu, simo hata mstari mmoja! Lakini kilichoniuma zaidi ni pale walipoandika kwamba mwimbaji aliiba jeneza la msikiti ili afufuke juu yake mbele ya watu. Nikampigia Bassam nikamwuliza ujinga huo kawaambia nani. Akacheka, akasema yakhe, kawaambia yeye mwenyewe, Ibra nzima inalijua hilo, na Wajerumani wamelipenda kuliko nyimbo zenyewe.

Kweli Ibra yetu nzima inalijua. Ufunguo wa stoo ya msikiti ulikaa kwako miaka kumi na moja. Alhamisi ile, Bi Kuruthum alipofariki alfajiri, uliwafungulia watu stoo na jeneza halikuwamo. Mkambeba marehemu kwenye kitanda chake cha kamba, mtu mzima yule, kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Jioni jeneza likaonekana limerudi mahali pake. Mwezi mmoja baadaye kaseti ikatoka na picha ya Sleyum akiinuka kwenye jeneza, shuka jeupe likimwanguka mabegani, na watu wakakuletea mpaka barazani. Ukamwuliza mbele yao. Alinitazama mimi kwanza, kisha akasema ndiyo, ni yeye. Siku hiyo hiyo ukaurudisha ufunguo, ukamwambia mlango wako asiuone tena. Tangu hapo wewe, uliyekuwa ukisali nyuma ya imamu, unasali safu ya mwisho, karibu na viatu.

Sasa Baba, vaa miwani. Picha ya kaseti ilikuwa na upana wa sentimita sita, na jeneza ndani yake ni kama kijiti cheusi. Ganda la santuri ni thelathini na moja kwa thelathini na moja. Utazame mguu wa kushoto. Ule ni chuma, bomba la inchi moja na nusu, na mshono wake umevimba kama kovu lililoshonwa vibaya. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikichomea mwaka wangu wa kwanza. Jeneza la msikiti ni la mbao tupu, unalijua kuliko mtu yeyote.

Lile la kwenye picha nililitengeneza mimi. Na ufunguo niliuchukua mimi, Baba, kwenye msumari wako, Jumatano baada ya magharibi. Sleyum aliniomba jeneza la maonyesho, nami nikataka lifanane. Kupima palepale msikitini niliona haya, maana ukionekana unapima jeneza mji mzima utauliza nani kafa. Basi nikalipakia, nikalifunika turubai, nikaurudisha ufunguo msumarini, nikalileta Firq, nikajiambia kesho kabla ya adhuhuri nitalirudisha. Sikumhesabu Bi Kuruthum. Nililirudisha alasiri, watu wote wakiwa makaburini na stoo mmeiacha wazi.

Sleyum alijua. Usiku ule wa barazani aliniambia karakana yangu ina miezi minane, wateja wangu wote bado ni watu wa msikiti ule, wanaoniagizia kutoka Ibra, na Hamda ana mimba. Yeye ana nyimbo tisa, na nyimbo zitasubiri. Zimesubiri miaka kumi na tatu. Alipanda jukwaani mara tatu tu maishani mwake, na sasa anauza matairi Dubai. Na mimi nimekaa barazani kwako kila Idi, unawaambia wageni huyu ndiye mwanangu aliyenyooka, nami nakunywa kahawa.

Wajerumani wamemwita akaimbe kwao. Amewajibu kwamba kwanza ana safari ya Ibra. Atafika siku mbili kabla ya Idi. Amenikataza nisikuambie haya. Safari hii sikumtii.

Akibisha, nakuomba umfungulie wewe mwenyewe. Mimi nitakuwa nje barabarani, ndani ya pikapu. Nyuma nitalipakia lile jeneza la chuma. Sijaweza kulikata mpaka leo, naweka makopo ya rangi juu yake. Lina mita moja na tisini, la msikiti mbili na kumi, maana Sleyum ni mfupi. Ijumaa ya wiki hiyo, baada ya sala, nitaliteremsha mlangoni pa msikiti, niwaambie watu wote, nikianza na Tamima, binti wa Bi Kuruthum. Ukitaka kufunga mlango baada ya hapo, Baba, unifungie mimi.

Nisalimie sana Mama, na umwombe anisamehe kabla hajajua la kusamehe. Mungu akupe umri na afya.

Mwanao, mwenye ufunguo,
Talib