Aligonga, Nikamfungulia

Jumatatu, 3 Machi

Mchoro wa mwanangu umepita! Shindano la kuchora soko jipya! Wamebaki wawili tu, yeye na bwana mmoja mwenye ofisi ya vioo. Haya, sasa ndiyo nakusalimu, shajara yangu. Hujambo? Mimi sijambo kabisa, nimevimba kama andazi.

Kamati imempigia Kifungo akiwa kazini. Alhamisi ya wiki ijayo atawaonyesha mchoro kwa kompyuta — wao huko kwao, yeye hapa hapa sebuleni kwetu, kwenye meza yenye kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu. Na si mchoro wa karatasi! Unaingia sokoni humo kwenye kioo, unatembea, unakata kona, unapanda ngazi. Kisha wataamua.

Kifungo! Alimeza kifungo cha koti kwenye meza yangu ya biashara akiwa ndio kwanza anatambaa, jina likamganda. Leo anawachorea watu soko. Na mama yake ndiye anayeuza vifungo, zipu na nyuzi katika lile soko bovu, mvua ikinyesha nailoni juu, maji shingoni. Mtoto ameyaona hayo yote, ameyatia kwenye mchoro.

Nimemwambia wifi yangu. Nimemwambia fundi viatu, na muuza nyanya, na jirani wa geti la kijani. Wote nimewakaribisha Alhamisi hiyo waje washuhudie. Kifungo bado hajui habari ya wageni. Atajua.

Jumanne, 4 Machi

Aibu gani hii! Wifi alipita jioni, nikasema ngoja uonjeshwe. Kifungo akafungua mchoro. Tukaingia lango kuu — taa, vigae, mfereji wa maji pembeni, safi. Wifi akavuta kiti mbele. Tukafika chini ya ngazi... pu! Dirisha likajifunga. Akafungua tena. Lango, vigae, ngazi... pu!

Wifi akasema pole, labda soko lenyewe ni la ghorofa ya chini tu. Akacheka mpaka getini. Mwanawe yuko benki, basi hatupumui.

Kifungo hakucheka. Anasema mbona wiki mbili nyuma ilikuwa inapanda vizuri. Kompyuta ya ofisini kwao nayo ni nyonge, mchoro huo hauwezi kuubeba. Ni hii yetu au basi.

Alhamisi, 6 Machi

Waganga wamejaa nyumbani.

Baba Watoto ameendesha lori maisha yake yote, kwake kila kitu ni injini. Aligusa kompyuta ubavuni akasema imechemka hii. Akaipuliza vumbi, akaielekezea feni. Sebule nzima ikapepea, karatasi za Kifungo zikaenda uvunguni mwa kochi. Ngazini — pu!

Akaja shemeji, yule anayetengeneza simu. Hakukaa hata kitini. Akasema dawa ni kufuta kila kitu kilichomo na kuanza upya. Nikamuuliza, shemeji, mtu akikohoa nyumbani kwako unabomoa nyumba? Baba Watoto akacheka, shemeji akanuna, ila chai akanywa.

Kifungo amesema asante baba mdogo, lakini hapana. Akifuta, ile programu ya kuchorea itataka kuwekwa upya na siku hazitoshi. Anataka kujua kwanza ugomvi uko wapi. Kwani kuna ugomvi? Ndiyo Mama, anasema, programu zinaweza kugombana. Mbili zinataka kitu kimoja kwa wakati mmoja, zinavutana, ya tatu isiyo na hatia ndiyo inaanguka.

Hilo nimelielewa kuliko kitu chochote nilichowahi kuambiwa kuhusu kompyuta. Nimekulia nyumba ya wake wawili.

Ijumaa, 7 Machi

Mchoro umefika ngazini umekufa. Sina zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimemwona mwanangu akifanya kazi, na nasema bila haya: yule ana kichwa!

Alianza kwa kuziamsha tena zile programu ndogo zinazoamka zenyewe kompyuta ikiwashwa? Hapana, naandika kinyume. Alizilaza zote. Akafungua mchoro — tukapanda ngazi mpaka juu! Sijawahi kupiga kigelegele mbele ya meza, leo nimepiga. Nikamwambia basi, acha hivyo hivyo. Akasema haiwezekani, Mama, zingine nazihitaji, kwa sauti na kwa picha. Lazima nimjue mwenye kosa.

Basi akawa anaamsha moja, anaendesha mchoro mpaka ngazini. Ukipita, anaamsha nyingine. Mimi nikasema, weee, mbona hii ni yangu! Hivi ndivyo nilivyomjua nani alikuwa anakomba sukari. Niliwapeleka watoto kwa bibi yao mmoja mmoja, kila wiki mmoja, nikatazama kopo. (Alikuwa Baba Watoto.)

Ya sauti, salama. Ya picha, salama. Ya kinga ya virusi — salama. Akaamsha iliyofuata, ngazini — pu! Akasoma jina lake, akashtuka. Akasema hii pia ni kinga ya virusi. Ziko mbili!

Akanieleza. Kinga ni mlinzi. Kila faili linaloingia analipekua mfukoni. Sasa walinzi wawili kwenye mlango mmoja, hawajuani, kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mwizi. Pale ngazini mchoro unaita mzigo mkubwa wa ghorofa ya juu. Mmoja anashika mkoba huku, mwingine anashika kule, mkoba unachanika. Pu!

Kisha akageuka akanitazama. Mama, huyu wa pili nani kamkaribisha?

Nikasema: Aligonga.

Mama!

Ndiyo, aligonga. Nilikuwa nacheza karata zangu humo kwenye kompyuta, akatokea na ngao ya kijani, kwa adabu kabisa: Je, unaruhusu? Mimi nimelelewa, siachi mtu amesimama mlangoni. Nikabonyeza Ruhusu. Akauliza tena, nikaruhusu tena. Alikuwa ameshaingia, ningemnyima kiti?

Baba Watoto alicheka mpaka akatoka nje. Anapita sebuleni anasema, muuza vifungo kabonyeza kifungo. Nimwache. Msiba wa sukari hajausahau.

Jumatatu, 10 Machi

Kumtoa mgeni si kazi ndogo. Kifungo alipomfuta, aliuliza: Una uhakika? Kisha: Tunasikitika unatuacha. Kisha: Tuambie tulikukosea nini. Moyo ukanilegea, nikasema mwanangu, muache hata wiki moja. Kifungo akasema Mama, toka sebuleni. Nikatoka.

Alikuwa amekuja na ndugu zake wawili pia, wamejificha. Wote nje. Kompyuta ikazimwa, ikawashwa. Akaniita.

Tukaingia lango. Vigae. Ngazi. Nilishika kiti. Tukapanda, tukapanda, tukatokea juu — paa refu, mwanga kila upande, maji ya mvua yanakwenda zake kwenye mabomba. Akakata kona ya kulia. Kuna meza. Juu yake vifungo vimepangwa kwa rangi, vyeupe mbele kama ninavyopanga mimi. Zipu zinaning'inia. Na nyuma ya meza, kiti chenye mgongo.

Kiti chenye mgongo! Sijawahi kumwambia kuhusu kigoda changu cha sokoni. Sijawahi kulalamika mbele yake, mgongo naukanda mwenyewe chumbani.

Nilisema vifungo vyeusi vingekaa karibu zaidi na mteja. Ndicho nilichoweza kusema. Akasema sawa, Mama, akavisogeza.

Nikamwambia na habari ya wageni, maana alikuwa na furaha. Akafumba macho. Wangapi, Mama? Nikasema wachache. Akasema waje, ila wakae nyuma na wasipige vigelegele kamati ikiwa inasikiliza. Nimemwahidi kwa niaba yangu. Kwa niaba ya wifi siwezi.

Amebandika karatasi juu ya kioo: MAMA, USIRUHUSU MTU. Nimemwonyesha jirani wa geti la kijani. Nani mwingine mtaani ameandikwa kwenye kompyuta?

Jumatano, 12 Machi

Naandika ili mkono uwe na kazi.

Kifungo ameondoka asubuhi, ameiacha kompyuta ikiwaka, asema inanakili mchoro, isiguswe. Mimi nilikuwa nafuta vumbi mezani tu. Kikatokea kidirisha pembeni, cha bluu. Kuna toleo jipya la programu yako ya kuchorea. Ruhusu. Au: Baadaye.

Nimempigia Kifungo. Simu imezimwa, yuko kikaoni. Baba Watoto anasema bonyeza Baadaye. Nikamuuliza, na kama Baadaye ndiyo mlango wenyewe? Akaleta feni.

Wifi amekwishaleta viti vyake, kumi na viwili, vimejaa mpaka koridoni. Amesema kigelegele chake nacho kiko tayari, kakiacha nyumbani kwa leo. Muuza nyanya anafunga mapema. Fundi viatu ameazima shati. Shemeji naye atakuja, kununa kumekwisha, anataka kuona ngazi.

Kidirisha bado kinanitazama. Hakiondoki. Kinapepesa kidogo, kama mtu anayebadilisha mguu kwa kusimama sana. Roho inaniuma, kweli. Sijawahi kumfanyia mtu hivi maishani mwangu.

Nimevuta kiti, nimekaa mbele yake. Kipanya nimekifunika kwa kitambaa. Nimekiambia kwa adabu: samahani sana, ndugu yangu, kaa hapo hapo nje mpaka mwenye nyumba arudi. Leo sifungui. Wageni wangu wanakuja kesho, Alhamisi.