Ukuta wa Loji Tuliokataa Upakwe Rangi

Nyanya yangu,

Habari ya Webuye? Huku Eldoret baridi inauma, lakini mimi niko sawa.

Leo nimeiona ile loji ya mawe ulikofulia wazungu mashuka ukiwa msichana. Vijana wa hapa mjini wamechora ukutani wanawake wakifua, mikono ndani ya povu, mmoja na mtoto mgongoni. Nilikuwa bado nawaangalia wakati mafundi wawili walipofika na ngazi na rangi nyeupe. Meneja wa loji akasema wageni wanataka ukuta safi, si picha za wafanyikazi.

Mama mmoja anayeuza mahindi choma hapo kando aliacha jiko lake, akaja akaegemea ukuta.

"Mama yangu alifua hapa," akasema. "Anzeni kwa kunipaka mimi."

Nyanya, miguu yangu ilienda yenyewe. Nikasimama kando yake nikasema, "Na nyanya yangu pia!"

Watu wa boda boda wakazima pikipiki, wakajipanga nasi. Meneja alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe fundi mmoja akamwambia, "Bosi, mimi sipaki watu rangi," akabeba ngazi yake akaenda, mwenzake akamfuata. Mvua ilitunyeshea tukiwa pale pale, na hakuna aliyekimbia.

Meneja ameapa watarudi kesho. Waje. Watatupata.

Kula vizuri, usibebe kuni peke yako. Majirani wakiuliza mjukuu wako yuko wapi, waambie yuko Eldoret, amekataa kusogea.

Wako,
Nafula