Miaka Minane Mfukoni

Jumatano, 16 Oktoba 2024. Makambako.

Asubuhi nyuzi tisa. Nimekwenda stendi na sweta mbili kukata tiketi. Kwenda moja, kurudi mbili. Mbili kwa sababu narudi na binti yangu Prisila.

Ofisi yake pale yadini imekwisha kujengwa. Dirisha, meza ya mninga, rafu sita. Alipokwenda chuo kusomea mambo ya bahari nilinyamaza. Nikasema elimu ni elimu, atarudi atashika yadi ya mbao. Sasa ni mwezi wa kumi na nne yuko kisiwani Mafia, anapima matumbawe. Mawe! Mimi niliishia darasa la saba. Nilianza na msumeno wa watu wawili nyuma ya Kichiwa, mimi juu ya gogo, marehemu Yosefu chini anakula vumbi. Hakuna aliyenijengea mimi ofisi.

Kwenye simu nilimwambia arudi, hakubishana. Alisema: "Baba, njoo uzame na mimi mara moja tu. Ukitoka majini ukisema turudi, narudi." Nikakubali. Sharti jepesi mno — hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Rabson, msimamizi wangu, kaniuliza mbele ya wapasuaji mbao wote kama ni kweli samaki wameninyang'anya binti. Wamecheka sana. Nimewarudisha kazini. Halafu kaja mtu na lori la magogo ya msindano, ile mipaini. Nimehesabu pete kwenye mkato wa kila gogo: nane, nane, saba, nane. Miti ya miaka minane, mitoto kabisa! Nimemwambia ageuze lori. Yadi yangu haipokei chini ya kumi na mbili, wanajua hivyo mpaka Iwawa.

Alhamisi, 17 Oktoba. Njiani.

Sweta ya kwanza nimevua Mikumi, ya pili Chalinze. Mama Prisila kapiga mara tatu. Keshatandika kitanda cha mtoto.

Ijumaa, 18 Oktoba. Mafia.

Boti saa nne. Nimetapika mara mbili. Prisila kanipokea gatini. Shikamoo yake ni ile ile, ila kakonda, na viganja vimekuwa vigumu kama vya mpasuaji. Habari za ofisi hakuuliza.

Anayefundisha watu kuzamia ni kijana wa Kyela, Anyisile. Kanisalimu kwa salamu ya kwetu, "Kamwene, mzee", nikafurahi bila kutaka. Kanijazisha fomu: moyo, mapafu, umri. Hamsini na minne. Kaniuliza kama najua kuogelea. Nimemwambia nimekulia kando ya mto. Hakuuliza kama mto wenyewe ulifika kifuani.

Mchana mazoezi kwenye maji ya kiunoni. Kupumua kwa mdomo, kutoa maji kwenye miwani. Nimemeza chumvi ya mwezi mzima.

Jumamosi, 19 Oktoba.

Niandike kwa mpangilio, la sivyo kesho sitaamini mwenyewe.

Saa tatu na dakika ishirini tumeingia. Maji nyuzi ishirini na saba. Mtungi wa hewa mgongoni, mkanda wa madini ya risasi kiunoni wa kunizamisha, geji ya hewa inasoma mia mbili. Anyisile kanishika mkono wa kulia, Prisila wa kushoto. Miaka ishirini iliyopita mimi ndiye niliyemshika mkono hivyo, kuvuka barabara kuu pale Makambako.

Mita tatu, masikio yanauma. Mita tano, yamefunguka. Pumzi yangu nasikia yote, inakwenda na kurudi kama msumeno wa watu wawili. Halafu nikatazama chini.

Nijaribu kueleza. Ni msitu! Lakini msitu usiosimama kwa mizizi — kuna matawi kama ya miwati, kuna mafungu kama kabichi za Njombe, kuna vyano vipana mtu anaweza kulala. Rangi ya zambarau, ya kahawia, ya manjano. Samaki wadogo, nilianza kuwahesabu, nilipofika mia mbili kundi likageuka lote kwa pamoja, nikaacha. Sijawahi kuacha hesabu katikati. Samaki waitwao pono wanatafuna mawe, unawasikia kabisa, kra, kra. Kasa alipita juu yetu bila haraka. Mimi nimeona asubuhi nyingi za ukungu kule kwetu zikifunguka juu ya mashamba ya chai, nikadhani nimeshaona.

Mita kumi na moja, Prisila kanionyesha jiwe moja la mviringo. Kubwa kuliko ofisi niliyomjengea. Ni hai lote. Nilipiga magoti mbele yake, kama kanisani.

Hapo ndipo nilipokosea. Pembeni palikuwa na tumbawe dogo lenye matawi kama vidole. Mkono ukaenda wenyewe. Miaka thelathini nikiingia shamba la mtu navunja kijiti, natazama ndani kama mti ni mzima. Tak. Nikatazama kipande: hai. Wao walikuwa wanatazama kasa. Nikakitia mfukoni mwa kaptula, na tulipotoka majini nikakihamishia kwenye jaketi.

Dakika thelathini na nne. Geji yangu sitini, ya Prisila mia moja na ishirini. Kanitania kwamba nimewanyima samaki hewa.

Mchana kanionyesha picha za eksirei za kiini, kipande kirefu walichokitoa kwa kutoboa lile jiwe kubwa. Mistari! Mmoja mwepesi, mmoja mzito, kila jozi ni mwaka. Jiwe lina pete. Kasema yeye amepata 311. Nimevaa miwani, nikahesabu kwa ncha ya kalamu. 312. Tukarudia pamoja. Ni 312. Kacheka, kafuta, kaandika yangu. Mwaka wa 1998 mstari ni mwembamba, joto lilikuwa kali. Sisi mwaka ule mvua ilikata barabara wiki tatu. Nikasogea jozi mbili mbele, nikaweka kidole. Mwaka aliozaliwa Prisila. Tulikaa tunautazama.

Jumapili, 20 Oktoba.

Tulikuwa tuondoke leo. Anyisile kakataa. Mtu akizama asipande mlimani upesi, damu ina hewa ya ziada, na kwetu ni juu mno, mita elfu moja na mia sita. Siku nzima nikae chini. Sijawahi kusikia mtu akizuiwa na urefu wa kwao.

Prisila kaja kuniita twende ibadani, kasimama mlangoni. Kanusa. Kafuata harufu mpaka kwenye jaketi yangu. Kile kipande kilikuwa kimegeuka cheupe, na ute unanuka.

Hakupandisha sauti. Kasema ningemwambia kule kule chini angekifunga kwenye saruji, kingeshika, kingeishi. Kilichokiua si kuvunjika, ni mfuko. Katoa rula. Sentimita nane. Hiki kinakua moja kwa mwaka.

"Yadini kwako ungekipokea, Baba?"

Kakiandikia namba, kakiweka kwenye kasha lake. Ibadani tumekaa benchi moja, sikusikia hata somo.

Jioni kafunga begi lake mwenyewe, bila kuambiwa. Kaniuliza nimeamuaje. Nimesema kesho.

Jumatatu, 21 Oktoba. Gatini, saa moja kasoro dakika kumi.

Boti inapakia. Abiria themanini na watatu, mbuzi wawili. Tiketi mbili ziko mkononi. Mama Prisila kapiga kuuliza apike kwa watu wangapi, nimemwambia mtandao mbaya. Mtandao ni mzuri.

Prisila yuko mwisho wa gati na Anyisile. Anamkabidhi daftari, tumbawe lipi lipimwe siku gani. Mia moja na arobaini ametia alama. Hanitazami. Kasema yeye ahadi yake ametimiza.

Meza ya mninga inaweza kukaliwa na Rabson. Mwandiko wake mbaya, lakini kujumlisha anajua.

Mpagazi kaja mara ya pili. Mizigo yote imeingia, limebaki begi la Prisila. Ananiambia mzee inuka, nahodha amepiga honi. Nimelikalia. Nimemwambia asubiri, namalizia kuandika.